Lupini Chini ya Nyaya za Stima

Mwaka ule nilipofiwa na mume wangu sikumwamini mtu. Nasema hivi mapema ili msomaji ajue anasimuliwa na mtu wa namna gani. Zamani sikuwa hivyo. Matanga ndiyo yaliyonifundisha. Watu walikaa kwetu siku nne, wakaimba vizuri, wakalia vizuri, na walipoondoka sikuliona tena koti la marehemu wala redio yake wala jembe alilokuwa amelinunua mwezi uliotangulia. Sikuuliza. Nilianza tu kuwatazama watu mikono badala ya nyuso.

Tulikuwa tukikaa mtaa wa Umoja, Nairobi. Mume wangu alikuwa dereva wa lori la viazi, akipanda Kinangop mara mbili kwa wiki na kurudi na matope ya kule yameganda kwenye magurudumu. Ng'ambo ya barabara ya Outer Ring, chini ya nyaya kubwa za stima, tulikuwa na kipande cha kulima. Nasema tulikuwa nacho, lakini ardhi ile haikuwa yetu. Ilikuwa ya serikali au ya watu wa stima, hatukuuliza. Wanawake wa mtaa tuliigawana, kila mmoja na upana wake, tukapanda mahindi, kunde na sukuma. Tulikuwa na mwenyekiti, mama mmoja mfupi aliyeuza makaa, na tulikuwa na sheria moja tu: kipande kisichopandwa mvua mbili mfululizo kinapewa mwingine.

Sheria hiyo ilikuwa na sababu yake. Miaka ile, mahali palipolala wazi Nairobi hapakukosa mwenyewe. Ulilala ukiacha kiwanja cha watoto cha mpira, ukaamka ukakuta vigingi na bango. Mwenyekiti alikuwa akisema kipande kitupu ni kama mlango uliosahauliwa wazi, na mwizi akishaingia kwa mmoja ameingia kwa wote.

Kipande changu kilikuwa kimeharibika hata kabla ya msiba. Lori moja lilimwaga hapo mabaki ya machimbo ya Kware, vumbi na vipande vya mawe, na tingatinga likayasambaza ili magari yapate pa kugeuzia. Wenye magari walipoondoka waliniacha na ardhi ngumu kama sakafu. Mvua ikinyesha maji hayakuingia, yalikimbia juu juu na kuchimba mtaro upande wa chini. Mume wangu alipiga jembe pale Jumapili moja hadi mpini ukapasuka. Ndipo aliponunua lile jingine, lililopotea.

Alifariki mwezi wa tisa. Mvua za vuli zilikuja, sikupanda. Hakuna mila iliyonikataza, na wala mama mkwe hakusema neno. Ni mikono iliyokataa tu. Mvua ndefu zilipokaribia nilijua kwamba nisipopanda safari hii, kipande cha mume wangu kitakwenda. Nilikwenda nikasimama pale mara tatu bila jembe, nikarudi nyumbani.

Ndipo akaja yule mzee.

Alibisha mchana, akavua kofia, akaniita shemeji. Alisema amehamia kwa binti yake kule mtaa wa Fedha, na kwamba kwa miaka mingi alikuwa msimamizi wa shamba huko Kinangop ambako mume wangu alipakia viazi. Alikuwa amechelewa kunipa pole kwa sababu habari zilimfikia kwa kuchelewa. Nilimpa chai. Alipomaliza alitoa mfuko wa kitambaa wenye mbegu nyeupe, bapa, kubwa kuliko maharagwe, na mkebe wa mafuta ya kupikia uliofungwa kwa nailoni na uzi. Akasema marehemu ndiye aliyemwomba vitu hivyo.

"Alinieleza kipande chenu kimemwagiwa mawe," akasema. "Nikamwambia kuna maua yanayofufua udongo. Akasema, mletee mama watoto, lakini ujue atakukatalia."

Mume wangu hakuwahi kunitajia mzee huyo, wala maua. Nilimtazama mikono. Ilikuwa mikubwa, yenye nyufa, na haikutikisika. Nikajiambia kwamba hata mwongo anaweza kuwa na mikono iliyotulia. Nilimwuliza anataka nini. Akasema hataki kitu, atapanda mwenyewe, mimi nikae.

Msomaji aliyeishi Eastlands miaka ile atanielewa. Mtu wa kutoka Fedha avuke mpaka kwetu kwa miguu, alime ardhi ngumu ya mwanamke mjane, bure, kwa ahadi aliyompa mtu aliyekwisha kufa na ambaye hawezi kuulizwa! Nilimwambia apande. Sikukubali kwa kumwamini. Nilikubali kwa kuwa mvua zilikuwa karibu na mikono yangu ilikuwa bado inakataa.

Siku ya kupanda nilikaa juu ya jiwe nikamwangalia. Alichimba mashimo madogo kwa sururu. Kisha akalowesha zile mbegu kwa maji kidogo, akafungua ule mkebe, na ndani mlikuwa na udongo. Udongo mweusi, laini, wa mahali pengine. Akazigaragaza mbegu humo mpaka zikawa nyeusi zote, ndipo akazifukia. Nilimwuliza udongo huo ni wa wapi.

"Wa kule juu," akasema. "Pale maua haya yalipozoea kuota. Bila huu yatakuwa mimea tu, hayatafanya kazi."

Sikupenda jibu hilo. Wala sikuwa peke yangu. Jirani yangu wa kipande cha pili, mke wa karani mmoja wa ofisi za mjini, alikuwa akipalilia huku akitazama. Alikuwa mwanamke mkarimu. Wakati wa matanga ndiye aliyeniletea maji ya kuoga na kunishika mkono kaburini. Mzee alipoondoka alinijia, akajifuta jasho kwa ncha ya leso, akaniuliza kwa sauti ya chini kama najua mkebe ule ulikuwa na nini. Nikamwambia udongo.

"Dada, udongo haubebwi hivi hivi," akasema. "Aliyefiwa akiletewa udongo wa mahali, lazima ajue ni wa mahali gani."

Hakutaja kaburi. Hakuhitaji kutaja. Tangu siku hiyo nilipolala niliuona ule mkebe.

Maua yaliota vizuri mno, na hilo nalo likanitia shaka. Mahali ambapo hata magugu yalikuwa yamekufa, yalitoka majani kama viganja vilivyofunguliwa, vidole saba, nane, kila kiganja kikishika tone la maji katikati asubuhi. Mzee alikuja kila Jumatano. Alinieleza mambo mengi na mimi niliyasikiliza kama mtu anayesikiliza ushahidi. Alisema huitwa lupini. Mzizi wake hushuka chini wima kama msumari na kupasua sakafu ya mawe, na maji hupata njia ya kuingia. Upande wa mtaro aliyapanda kwa kubanana ili yazuie mmomonyoko. Alisema mmea huu hutengeneza mbolea yake wenyewe kutoka hewani, wala hauhitaji samadi. Nilimwuliza mbegu zake huliwa vipi. Akasema hizi zake ni chungu, zina sumu, na kama hukuziloweka siku nyingi ukibadilisha maji zitakuumiza. Nisizile, wala nisimpe mtoto.

"Sasa tutavuna nini?" nikamwuliza.

"Hatuvuni. Yakishachanua yote, kabla hayajafunga mbegu, tutayakata na kuyafukia hapo hapo."

Niliyatafakari maneno hayo siku nyingi. Chakula chenye sumu. Mbolea ya hewani. Maua ya kuzikwa yakiwa bado mazuri. Mimi nilisoma mpaka darasa la saba, na mwalimu wa sayansi hakutufundisha mmea wa namna hiyo. Nilikuwa nimetoka kumzika mtu akiwa bado na nguvu, na sasa mgeni ananiambia tufukie maua.

Yalichanua mwanzoni mwa mwezi wa sita, wakati wa baridi na mawingu. Meupe yenye rangi ya samawati kwenye ncha, yamesimama kama mishumaa, na nyuki walijaa kana kwamba wameitwa. Wanawake wenzangu wakaanza maneno. Mmoja alisema nimepata bwana wa kunipandia maua hata mwaka haujaisha. Muuza maji alisimamisha mkokoteni wake barabarani akapaza sauti, "Niaje mathe, hizo ni za harusi ama za matanga?" Wakacheka wote. Jirani yangu hakucheka. Alinikumbusha tu kwamba kamati ingepita Jumatatu kukagua vipande, na kwamba sheria ilisema kupanda, na yeye hakujua kama maua yangehesabiwa.

Kisha akaongeza jambo jingine. Alisema kwao, mtu akitaka kujua alichopandiwa, haangalii juu, anaangalia mizizi.

Hiyo ilikuwa Jumamosi. Baada ya chakula cha mchana nilichukua jembe la kuazima nikaenda peke yangu. Nilichimba kuuzunguka mmea mmoja, taratibu, nikautoa na mzizi wake wote. Niliutingisha udongo ukadondoka. Mzizi ulikuwa na vinundu. Si kimoja wala viwili. Vilikuwa vimeushika mzizi kila mahali, vingine vikubwa kama mbaazi.

Kila mwanamke anayelima nyanya anajua vinundu kwenye mizizi. Ni minyoo. Ikishaingia shambani mwako, nyanya zinanyauka, sukuma inadumaa, na udongo ule umekwisha kwa miaka. Mwenzetu mmoja wa upande wa Fedha alipata minyoo hiyo na hatukumruhusu tena kukanyaga kwetu na jembe lake. Nikakipasua kinundu kimoja kwa kucha. Ndani kilikuwa chekundu, rangi ya nyama mbichi.

Sitajitetea. Sikukaa chini kufikiri, na sikumngoja mzee anieleze. Nilisema kwa sauti, peke yangu pale, "Ndiyo maana alileta udongo wake, kipande kife akichukue." Nikaanza kung'oa. Yalitoka kwa shida, mizizi imeingia chini sana, na kila mmoja ulitoka na vinundu vyake. Niling'oa nikilia. Ilikuwa mara ya kwanza kulia kwa sauti tangu mazishi, na sijui hata leo nilikuwa nikimlilia nani. Nilipofika nusu ya kipande mgongo uliniishia nguvu. Nikaiacha ile nusu nyingine imesimama, si kwa huruma, ni kwa kuchoka.

Mzee alikuja Jumapili, siku ambayo si yake, baada ya ibada. Nadhani alikuwa anataka kuyaona yakiwa yamechanua yote. Alinikuta nimekaa juu ya jiwe langu. Aliitazama ile nusu tupu na lundo lililonyauka, kisha akanitazama mimi. Nilimwambia kabla hajauliza. Nilimwambia habari ya minyoo, ya udongo wa kaburi na ya kipande alichotaka kuninyang'anya. Nilitoa vyote kwa mkupuo.

Hakukasirika, na hilo lilinikera zaidi. Aliuokota mmea mmoja kwenye lundo. Akakishika kinundu kwa vidole viwili, akakisukuma kidogo, kikadondoka chenyewe kama punje.

"Cha minyoo hakitoki hivi," akasema. "Cha minyoo ni mzizi wenyewe umevimba, ukikitoa umeukata mzizi. Hiki kimeshikilia tu pembeni. Ndani yake mna wadudu wadogo wasioonekana, ndio wanaokamata hewa na kuigeuza mbolea. Wadudu hao ndio waliokuwa katika ule mkebe. Huku kwenu wa lupini hawapo, wapo wa kunde tu."

Nikamwambia ni rahisi kwake kusema. Akaniomba ruhusa, akaenda kwenye kunde za jirani yangu pembezoni, akang'oa mche mmoja mbichi, akaniletea. Mizizi ya kunde ilikuwa na vinundu vile vile, vidogo zaidi. Akakipasua kimoja. Kilikuwa chekundu ndani.

Nimelima kunde tangu utotoni Machakos. Kunde tunachuma majani, na maharagwe tunayang'oa yakishakauka, wakati ambao vinundu vimeshakufa na kubaki maganda. Miaka yote hiyo sikuwahi kung'oa mche ukiwa mzima na kuutazama chini. Nilikitazama kile kinundu cha kunde kwa muda mrefu. Nilitamani kiwe uongo. Mzee akasema ile nusu iliyobaki inatosha kunionyesha, na kwamba ataomba mbegu nyingine kwa watu wa kule. Akaenda zake na kofia mkononi.

Jumatatu kamati ilipita. Walikuwa mwenyekiti na mama wawili, na wengine wetu tukiwafuata nyuma kama kawaida, kila mmoja akitaka kuona makosa ya mwenzake. Mzee pia alikuja, akasimama kando ya barabara, mbali. Walipofika kwangu mwenyekiti aliitazama nusu ya maua na nusu tupu, akaniuliza hiki ni nini.

"Lupini," nikasema. "Hailiwi. Ni ya kurudisha udongo."

Wakanong'ona. Mwenyekiti akasema sheria inasema kupanda, haisemi kula, na kwamba maua nayo yanaziba mlango. Nikashusha pumzi. Kisha akaonyesha ule upande mwingine kwa kidole.

"Na hapa pameng'olewa na nani?"

Kabla sijafungua mdomo jirani yangu akajibu. "Ni yule mzee wa Fedha. Mimi nilimtilia shaka toka siku ya kwanza. Jana mimi mwenyewe nilimwona hapa, na kunde zangu ameng'oa pia."

Mwenyekiti aligeuka akamtazama mzee kule barabarani. Mzee alivua kofia tu. Kisha mwenyekiti akasema kwamba kama mgeni ndiye aliyeharibu, basi kosa si langu. Nitaachiwa kipande chote mpaka vuli, na mgeni asikanyage tena hapa.

Nilichotakiwa kufanya ni kukaa kimya, na mimi kukaa kimya ninakujua sana. Kipande cha mume wangu kingebaki kizima. Niliwaza hilo, sitasema sikuliwaza. Niliwaza kwamba mzee ana binti yake na ana nyumba ya kulala, na hana anachopoteza hapa ila jina, na jina lake hapa hakuna anayelijua.

"Ni mimi niliyeng'oa," nikasema. "Jumamosi mchana. Nilidhani ni minyoo. Kunde ameng'oa yeye, mche mmoja, kunionyesha."

Walinitazama wote. Mama mmoja akauliza kama naumwa. Nadhani mwenyekiti alinihurumia, lakini sheria ilikuwa yake na wote walikuwa wamesikia. Alisema nusu iliyosimama imepandwa, ni yangu. Nusu tupu haijapandwa mvua mbili, kwa mkono wangu mwenyewe, hivyo inapewa mwingine. Akauliza nani anaitaka. Jirani yangu akasema kwa kuwa imepakana na yake, ataichukua asaidie.

Walileta kamba ya kupimia mpaka. Kamba yetu ilihitaji watu wawili, na mwenye kipande ndiye aliyeshika ncha moja. Niliishika.

Walipoondoka mzee alivuka barabara akaja. Aliniambia ningenyamaza tu, kwani yeye angepoteza nini. Kisha nikamwuliza kama ni kweli mume wangu alisema nitamkatalia. Akasema alisema hivyo, na alicheka aliposema. Hapo niliamini. Mume wangu alikuwa akinicheka hivyo hivyo, nyuma ya mgongo wangu na mbele yangu.

Wiki hiyo tuliyakata, mzee kwa panga na mimi kwa panga, yakiwa bado yana nyuki. Tuliyafukia pale pale. Vuli ilipokuja nilitia mahindi, na jembe liliingia ardhini mahali ambapo mpini ulikuwa umepasuka. Mahindi yalitoka kijani kizito. Ng'ambo ya mpaka, katika ile nusu nyingine, yalitoka ya manjano na mafupi, na jirani yangu alikuwa akisimama kuyalinganisha.

Yeye na mimi bado tulisalimiana kila asubuhi. Aliniuliza watoto, nikamwuliza watoto. Siku nyingine aliniletea maji ya kunywa, jua likiwa kali, nami niliyanywa. Sijui kama alijua vinundu vile ni nini aliponiambia niangalie mizizi. Inawezekana aliamini kweli kama nilivyoamini mimi, akaogopa kwa ajili yangu. Inawezekana pia alikitaka kile kipande tangu siku aliyonishika mkono kaburini. Siwezi kuapa kwa lolote kati ya hayo mawili. Tulihama Umoja bila mimi kumwuliza, kwa sababu hata angenijibu, nisingejua kama ni kweli.